Springi Zenye Njaa

Juzi nilitolewa nje ya darasa la fizikia kwa kosa la kucheka. Si kosa geni kwangu. Kuna wanafunzi waliozoea madawati yao, mimi nimezoea ule ukuta wa barazani mpaka nimejua rangi yake imeanza kubambuka wapi. Lakini siku hiyo hata utundu sikuwa nimekusudia. Mwalimu alitundika springi kwenye chuma, ikaning'inia pale kama utumbo wa kuku, akaanza kuiongezea vijiwe vya kupimia, kimoja baada ya kimoja. Kisha akatugeukia na ile sauti yake ya muuza dawa ya mbu: "Nani ataniambia, springi ikipata mzigo inakuwaje?" Kabla sijajizuia nikajibu, "Inashiba, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, na nilipoanza sikuweza kuacha, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, mpaka wenzangu wakanyamaza wakabaki kunitazama. Ndipo nikaoneshwa mlango. Baadaye mmoja wenu aliniuliza kama nalicheka ama nalilia, nikamwambia uso wangu ni mmoja, wafanya kazi zote mbili. Lakini kwa kuwa hamkuacha kuniuliza, na kwa kuwa nyote mna baba, ama mliwahi kuwa naye, hebu niwaeleze habari ya springi.

Babangu alikuwa na landrova. Niseme vizuri: landrova ndiyo iliyokuwa na babangu, maana asubuhi akitoka msikitini alipita kuijulia hali hiyo kwanza, kisha ndipo aje atujulie sisi. Kwetu ni Kuze, nanyi mwazijua njia za Kuze: mkokoteni ukikutana na mtu mnene, mmoja wao sharti arudi kinyumenyume. Landrova haikuweza kuingia. Ikilala Makadara, nje ya gereji ya Fundi Kazungu, imefunikwa turubai kama maiti wa heshima. Mama akisema, "Huyo ni mke mwenzangu wa bati. Afadhali yeye hazai." Sote tukicheka, na baba ndiye aliyecheka zaidi.

Mama ni mtu wa Kipini, kule Mto Tana unakoingia baharini. Aliolewa akaletwa Mombasa, na tangu niwe na akili zangu sikuwahi kumwona akifika kwao. Mwanzo ilikuwa ni sababu ya watoto, kisha ikawa sababu ya mgongo. Siku za mifereji kukauka aliteleza akipandisha ndoo ya maji, akazishuka ngazi za nyumba yetu zote kwa makalio, na tangu hapo hakuweza kukaa juu ya kitu kinachotikisika. Alijaribu basi mara moja. Alipofika Malindi alishushwa amekunjika kama miwani, akarudishwa. Na mbele ya Malindi ndiko kubaya hasa, kwani lami ilikuwa imekwisha na mashimo yake mtu mzima angeoga ndani.

Huko Kipini alikuwako mamake, Nana, ambaye macho yake yalikuwa yakiingia ukungu. Kila mtu aliyetoka huko alituletea maneno yale yale, kana kwamba amefungiwa pamoja na samaki mkavu: "Nana asema, mwanangu na aje nimwone, maadamu naona."

Basi baba akaahidi. Hakuahidi safari tu, aliahidi springi. Jioni moja alimwambia mama, "Hizi springi zilizomo zimekufa. Nitaing'oa miguu yote ile, nitie springi mpya laini na shokomzoba mpya, wende Kipini kama u kitandani. Ukifika umwambie mamako, mume wangu ndiye huyu." Mama akacheka akajifunika leso usoni. Mimi nalikuwa chini ya meza nala sukari ya wizi, na ndiyo mara yangu ya kwanza kujua kwamba mtu aweza kumpenda mtu kwa kupitia gari.

Ukaingia msimu wa kuchagua. Asiyejua angedhani baba anaposa. Kila alasiri nikitoka chuoni, mtandio shingoni na juzuu kwapani, badala ya kwenda nyumbani nilipinda kona nikaenda gereji. Msichana kukaa gereji haikuwa adabu, lakini baba mwenyewe ndiye aliyenipa jina la Chiriku, na chiriku hutua atakapo. Pale palinuka grisi, na mpira uliopigwa na jua, na kahawa ya tangawizi, na mpaka leo nikipita mahali penye harufu hizo tatu pamoja miguu yangu hutaka kupinda kona. Kila mpita njia alitoa fatwa. Mmoja alisema mambo ni springi za koili, mwingine akasema koili ni za wazungu waendao kula mikate porini. Mmoja alisema shokomzoba za gesi, mwingine akasema za mafuta zatosha, kwani Mombasa kuna mlima gani. Hizo za gesi mimi nikaziogopa. Nalidhani gari litacheua njia nzima kama mtu aliyekunywa soda.

Siku moja nikakuta seti mbili za springi zimelazwa chini juu ya magunia. Fundi Kazungu alikuwa amechutama katikati yake. Huyu alikuwa Mgiriama mrefu, mpole wa sauti, ambaye Jumapili aliimba kwaya kanisani na siku nyingine akiziimbia nati zilizokwama. Seti moja ilikuwa mpya, imetoka ng'ambo: vipande vitatu tu vya chuma kila upande, vimekonda nchani na kupinda kama nyusi za bibi harusi. Nyingine ilikuwa nyeusi, nene, vipande vimelaliana kama chapati za karamu.

"Bosi," Fundi Kazungu akasema, "leo amua. Hii nyembamba ni ya kubeba watu. Hii nene ni ya mzigo. Ukitia ya watu ukabeba mzigo, gari litaketi kama kuku anayeatamia. Ukitia ya mzigo ukabeba watu, watakutukana mpaka ufike. Gari haliwi na nia mbili."

Baba akazitazama seti zote mbili. Kisha akanitazama mimi, nimesimama pale na embe bichi la pilipili.

"Watu," akasema. "Sisi twabeba watu. Sivyo, Chiriku?"

"Twabeba mama," nikasema.

"Twabeba mama." Akanipa pesa nikanunue mahamri, na si pale jirani, la, yale ya kule mbali karibu na soko, ndiyo yenye iliki. Nikaenda. Mimi nikitumwa mbali hufika mbali zaidi, kwa hivyo niliporudi mahamri yalikuwa yamepoa na mawili yalikuwa yamepotea kinywani mwangu. Seti nyembamba ilikuwa imeviringwa gunia na kusimamishwa ukutani. Miguu ya Fundi Kazungu ilitokeza chini ya landrova, na zile chapati nyeusi zilikuwa zimo mahali pake.

Najua mnavyoniona sasa, nami hujiona hivyo hivyo. Lakini mtoto huipima dunia kwa vitu vya kwao. Kwetu kulikuwa na magodoro ya namna mbili: la wazazi wangu, la sufi, nene kama mkate wa sinia, na letu sisi watoto, jembamba, ambalo juu yake mbavu zako zilikuwa zikihesabu mbao za kitanda usiku kucha. Nikauliza, kwa ajili ya kuuliza tu, "Baba, mbona umetia hii nene?"

Akafikiri kidogo. "Kwani godoro zuri ni nene ama ni jembamba?"

"Nene."

"Haya basi."

Kule chini ya gari spana ikanyamaza. Kisha ikaendelea.

Kesho yake baba akanichukua kwenda kuijaribu. Nyuma palikuwa pamefunikwa turubai, na chini yake niliona pembe za magunia. Nikauliza ni nini. Akasema ni mchanga, gari lenye springi mpya huzoezwa kama punda. Nikaona ni sawa. Mimi pia nilipoanza chuo nilizoezwa, ingawa kwa bakora. Akaninunulia gilasi ya ukwaju, akanipa niishike, akasema nisiinywe mpaka aseme. Tukashuka upande wa Ganjoni mpaka kule Mbaraki penye reli zinazokata njia, mahali ambapo kila gari hulia kama kabati la vyombo lililoanguka. Landrova ikazimeza zile reli moja moja, ikatambaa juu yake kama paka juu ya ukuta. Nikatazama gilasi. Hata tone halikutoka.

"Waonaje?" baba akaniuliza.

"Laini, baba. Kama kitanda."

"Basi ukifika nyumbani mwambie mamako vile ulivyoona. Mimi nikisema atadhani nauza. Wewe ndiwe shahidi."

Nikaenda mbio Kuze nzima nikiwa shahidi. Mama alikuwa akipepeta mchele. Nikamwambia. Akasema, "We mtoto, leo sitaki mzaha." Alikuwa na haki, maana wiki iliyopita nilikuwa nimemwambia kadhi yuko mlangoni, akavaa buibui kinyume. Lakini siku hiyo sikucheka. Nikamwambia, "Wallahi, mama. Nilishika gilasi ya ukwaju relini, haikumwagika." Akanitazama nguo, mbele na nyuma. Haikuwa na doa, na hilo halikuwahi kutokea tangu nizaliwe. Akauweka ungo chini.

Jioni ile ile akalipasua godoro lake upande mmoja, akatoa sufi, akashona mito miwili, wa kukalia na wa mgongoni, kwa leso zake nzuri kuliko zote, nyekundu zenye maua meusi. Nyumba nzima ilipiga chafya. Akatoa mkoba, akatia halua, na marashi, na jozi ya leso ya Nana, za rangi ya kung'aa sana. Alisema huenda akaiona rangi kabla hajamwona yeye. Baba akaichukua ile mito akaione itakavyokaa kitini. Tungeondoka shule zikifungwa.

Zilikuwa bado hazijafungwa siku tulipoachwa mapema chuoni kwa sababu maalimu alikuwa na harusi ya ndugu yake. Nikapinda kona yangu. Landrova ilikuwa imetolewa barabarani, imeelekea upande wa Nyali, imejazwa mpaka imenyooka mgongo. Kulikuwa na mabati, na unga, na katoni za sabuni, na kitanda kilichofunguliwa vipande, na kabati lenye kioo mlangoni. Ndani ya kile kioo nikajiona mimi mwenyewe, na mtandio na juzuu langu, kana kwamba nimo katika mzigo.

Na mbele, kiti cha abiria, alikaa mwanamke. Hakuwa mtu ninayemjua. Niliijua mito tu.

Baba alikuwa akikaza kamba. Aliponiona aliikaza tena, ingawa ilikuwa imekwisha kukazika. "Chiriku," akasema. "Napeleka mzigo wa watu Garsen. Nitarudi Ijumaa."

"Garsen si ndiyo njia ya Kipini?"

"Ndiyo njia ile ile."

"Basi mama—"

"Gari limejaa, mwanangu. Si waona?"

Yule mwanamke akainama dirishani. "Huyu ndiye yule mwanao msemaji?" Sauti yake ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniudhi baadaye, kwamba ilikuwa nzuri. Akanipa kashata. Ningependa kuwaambia niliitupa, lakini ilikuwa ya nazi, niliila.

Landrova ikaondoka. Pale mwisho wa njia palikuwa na tuta ambalo kila gari la Makadara lilipovuka lilitoa siri zake zote. Landrova ikalivuka kimya.

"Fundi," nikamwuliza Fundi Kazungu, "hizi springi ni laini ama ni ngumu?"

Alipangusa mikono kwa muda mrefu kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Zikiwa na njaa huuma," akasema. "Zikishiba, laini. Sasa zimeshiba."

"Na zile nyembamba?"

"Zimerudi dukani." Akajitosa chini ya gari jingine ambalo, nijuavyo mimi, lililetwa pale kupakwa rangi tu.

Nami nikaenda nyumbani kumpa mama habari njema. Nasema habari njema, kwa sababu ndivyo nilivyoiona. "Mama, baba amepeleka mzigo Garsen, gari limejaa, laini ajabu, na yule mwanamke amekalia mito yako na yuko raha kabisa."

Mama alikuwa ameshika sindano. "Mwanamke gani?"

"Mwenye hina."

Akachoma sindano mara moja, akavuta uzi. "Hina ya mikono, ama na miguu?"

Nikafikiri. Mguu mmoja ulikuwa umekunjwa juu ya kiti. "Na miguu."

Mimi nilikuwa sijui, lakini yeye alijua, na nyinyi wa kwetu mwajua: mwanamke hachorwi hina mpya mikono na miguu kwa ajili ya kusindikiza unga wa watu. Mama akaichomeka sindano nguoni, akajinyoosha taratibu mpaka nikadhani mgongo umemshika. Kisha akaniuliza, polepole, bila hasira, "Wewe si ulinambia ni laini?"

"Ni laini, mama. Wallahi."

"Najua," akasema. "Najua, mwanangu." Akauvuta ule mkoba chini ya kitanda, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Tangu siku hiyo nikimwambia mvua yanyesha, alinyoosha mkono dirishani kwanza. Nikimwambia kuna mtu mlangoni, aliuliza ni nani mwingine aliyesikia hodi. Baba alinichukua mimi, kinywa changu na nguo yangu safi, akanitumia kama mtu anavyotumia muhuri, kisha akaniacha pale na mama, mtu niliyempigia muhuri huo. Na mtu asipoaminiwa akisema kweli ana njia mbili tu, anyamaze ama achekeshe. Kunyamaza sikujaliwa.

Baba alikuwa amefungua duka Garsen, na mke ndani yake. Zamu yetu ikawa wiki moja, na yao ikawa ile nyingine. Mzigo hutoka Mombasa kwenda bara, hauji kwetu, kwa hivyo landrova ilikuja kwetu tupu. Nalikuwa naisikia nikiwa nimekaa gereji: ikifika kwenye lile tuta ililia kama sinia la vikombe lililoangushwa ngazini. Kisha zamu ikiisha, ikapakiwa, ikavuka tuta lile lile kimya. Kwetu ilikuja na njaa, kwao ikaenda imeshiba.

Ndipo akili yangu ikafanya hesabu zake. Ikiwa tatizo ni njaa, dawa si kulisha? Nikawaita watoto wa mtaa nikawauliza nani ataka kwenda Kipini bure. Wakatokea wengi kuliko walioalikwa. Tena tukalibingirisha jiwe la kusagia la Bi Mwana, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye ulimi wa wembe, mpaka tukafika nalo Makadara. Bi Mwana akatufuata akihema.

"Nyinyi mashetani, jiwe langu laenda wapi?"

"Kipini, Bi Mwana," nikasema. "Tukilijaza gari, mama hataumia mgongo."

Alikuwa ameinua mkono wa kunizaba kofi. Akaushusha. Baba akatoka, akalitazama jiwe, akawatazama watoto waliojipanga nyuma kama dagaa. "Shusheni jiwe la watu," akasema. "Safari nyingine, Chiriku." Bi Mwana akamtazama kutoka kofia hadi viatu, asiseme kitu, na mtaa mzima ungewaambia kwamba hilo halikuwahi kuonekana.

Safari nyingine haikuja. Ilikuja habari. Nana amefariki, na alikuwa haoni tena. Aliyeileta alisema siku zake za mwisho, kila mwanamke aliyeingia chumbani Nana alimwuliza, "Ndiwe?"

Ilikuwa wiki ya zamu yetu. Baba akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Jitayarishe," akamwambia mama. "Nitakupeleka."

"Kwa gari lile?"

"Gari ndilo hilo."

"Tupu?"

Mimi nikatoka mbio. Sikulifuata jiwe mara hii, nilimfuata mwenye jiwe. "Bi Mwana," nikasema, "Nana amekufa, na gari ni tupu."

Mtu mwingine angeniuliza maana yake. Bi Mwana alivaa buibui. Akasimama katikati ya njia akaita majina, nyumba hadi nyumba, na kwenye msiba mtu haitwi mara mbili. Wakatoka wanawake wa Kuze na mikeka, na magunia ya mchele, na masufuria makubwa ya shughuli, na makaa, wakamiminika Makadara na kuingia landrova mmoja baada ya mmoja. Fundi Kazungu alisimama kando, akitazama springi zinavyoshuka. Alipoona zimefika pake, akavua kofia yake ya grisi. Bi Mwana akapanda wa mwisho, akakaa juu ya gurudumu. "Mimi peke yangu ni magunia mawili," akamwambia baba. "Endesha, bwana."

Mama alikaa mbele, juu ya mito yake. Ilikuwa imelala bapa, imekaliwa sana. Aliipigapiga kwa kiganja, kama unavyompokea mtu aliyetoka safari ndefu, kisha akaikalia. Mimi nilikaa kati yake na baba. Tukavuka Nyali, tukapita Malindi, lami ikaisha. Nikamwona mama ameshika mlango kwa mikono miwili, macho kayafumba, anangoja maumivu. Shimo la kwanza likaja. Likaja la pili. Gari likayameza. Nyuma wanawake walikuwa wakisoma Yasini, na sauti zao hazikukatika hata mara moja.

Mama akaachia mlango. Akatazama mbele. "Kumbe ulisema kweli," akaniambia. "Ni laini."

Baba akabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. Tulipopita Garsen palikuwa na duka lenye bati jipya linalometa jua, na kisomo nyuma kikashuka kikawa kama mnong'ono, kisha kikapanda tena. Mama hakugeuza shingo. Mimi niligeuza, ya kwake na yangu.

Tulimkuta Nana amekwisha kuzikwa, na nani angengoja. Mama aliuliza kichwa kiko upande gani, wakamwonesha, akakaa hapo. Zile leso za rangi ya kung'aa alikuwa nazo mkobani. Hakumpa mtu.

Wanawake walibaki naye matangani. Mimi nilikuwa na mitihani, ikaamuliwa nirudi na baba. Mama alikuja mpaka kwenye gari akaitoa mito yake yote miwili, akaikumbatia kifuani, akasimama nayo. Kiti kikabaki chuma na kipande cha ngozi. Nyuma hapakuwa na kitu, hata turubai.

"Shika hapo, Chiriku," baba akasema.

Shimo la kwanza lilinipigisha kichwa darini. La pili niliuma ulimi, kinywa kikajaa ladha ya damu. Nilikuwa narushwa kama bisi kaangoni, na kila niliposhuka kiti kilikuwa kimenitangulia kupanda. Baba alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho. Alipunguza mwendo, ikazidi. Akaongeza, ikazidi. Mwisho akaniuliza kwa ile sauti ya zamani, sauti ya mahamri na ukwaju, "Yaumiza, mwanangu?"

Nikameza ile damu. Nikamgeukia, na mara hii pia sikucheka.

"Laini, baba," nikamwambia. "Kama kitanda."

Tokea hapo mpaka daraja la Nyali hakusema neno. Springi ndizo zilizosema, njia nzima.